Kumchagua RP ni nusu ya kazi: ushauri kwa mnaoanza na maltikasti

Vijana wanaokuja kufanya kazi nasi hapa Kampala huwa wameiva kwenye itifaki za kutafuta njia kama OSPF na BGP, ila maltikasti, yaani kurusha data moja kwa wapokeaji wengi kwa pamoja, wameipitia juu juu kwa ajili ya mtihani. Si kosa lao, kwa sababu somo lenyewe hupewa saa chache na maabara nyingi hazina vifaa vya kutosha. Taabu huanza wanapokabidhiwa hoteli yenye televisheni kila chumba, au kampasi ambayo kamera zake zote za ulinzi zinarusha picha kwa maltikasti. Wadogo zangu, nawaandikia nyinyi, na nitakaa zaidi kwenye jambo moja ambalo miongozo mingi hulipita haraka: ruta ya makutano, ile tunayoiita RP.

Katika PIM-SM, itifaki ambayo ruta hutumia kusambaza maltikasti, anayerusha na anayepokea hawajuani. Ni kama abiria na dereva wanaokutana stendi: kila mmoja anajua stendi iko wapi, na wakishafahamiana wanaweza kupita njia ya mkato. Ruta iliyo karibu na chanzo hufunga pakiti za kwanza ndani ya ujumbe wa Register na kuzipeleka kwa RP. Ruta iliyo karibu na mtazamaji hutuma Join kuelekea kwa RP huyo huyo. Pakiti zikianza kufika, ruta ya mtazamaji humjua mwenye kurusha na kujenga mti mfupi wa moja kwa moja hadi kwake.

Kwa hiyo ruta zote lazima zikubaliane: kundi hili (anwani ya maltikasti, mfano ya chaneli moja), RP wake ni huyu. Hapo ndipo penye hatari. Zikiachwa na usanidi wa kawaida, ruta nyingi humwamini yeyote anayejitangaza kuwa RP. Ukishamchagua wako, umemaliza nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwafungia mlango wengine wote.

Niwape mfano nilioushuhudia. Kampuni moja ina matawi kando ya barabara ya Kampala kwenda Mbarara, na hurusha chaneli zake za ndani kwa maltikasti. Walikuwa wanatumia Auto-RP, njia ya Cisco ambayo RP hujitangaza mwenyewe kwa ruta nyingine, na RP wao alikuwa Kampala, anwani 10.10.0.1. Malalamiko yalikuwa ya ajabu: chaneli zinakataa kufunguka Kampala kila umeme unapokatika Mbarara. Waliokuwa wanatazama tayari waliendelea bila shida. Aliyefungua chaneli ambayo ruta yake haikuwa ikiipokea alipata kioo cheusi kwa dakika tatu hivi, kisha mambo yakatulia.

Chanzo kilikuwa ruta ndogo ya majaribio iliyosahaulika kwenye kabati la tawi, haina hata betri ya akiba. Ndani yake kulibaki amri ya kujitangaza kuwa RP wa 224.0.0.0/4, yaani makundi yote ya maltikasti, na anwani yake ilikuwa 10.200.5.1. Katika Auto-RP, wagombea wawili wakidai masafa yale yale ya makundi, ruta inayogawa ramani ya kundi gani lina RP gani humchukua mwenye anwani kubwa zaidi ya IP. Basi kifaa cha kabatini kikawa RP wa kampuni nzima. Umeme ukikatika kinazimika, na tangazo lake hudumu kwenye ramani kama dakika tatu kabla ya kufutwa, kwani matangazo hutoka kila sekunde 60 na huhesabiwa kuwa hai kwa mara tatu ya muda huo. Umeme ukirudi, kinajitangaza tena na kunyakua nafasi.

Shikeni dalili hiyo: waliounganishwa zamani wanaona, wapya hawaoni. Mti mfupi ukishajengwa haumtegemei RP, kwa hiyo mtazamaji wa zamani hana habari kwamba RP amekufa. Ukisikia malalamiko ya namna hiyo usipoteze asubuhi kwenye seva ya video. Nenda kwenye ruta iliyo mbali zaidi na wewe, andika show ip pim rp mapping, na usome anwani inayotokea. Kisha fanya hivyo hivyo kwenye ruta nyingine mbili tatu. Majibu yakitofautiana, au ikitokea anwani usiyoijua, umeshapata pa kuanzia.

Sasa uchaguzi wenyewe. Kwa mitandao mingi tunayohudumia hapa Uganda, yenye ruta kumi au ishirini na wahandisi wachache, mimi husimama na RP aliyeandikwa kwa mkono katika kila ruta. Watu husema ni kazi nyingi. Ni mstari mmoja, unaandikwa mara moja, na hauna tangazo la mtu wa kuuhadaa. Ila kwenye vifaa vya Cisco kuna neno la kuangalia:

ip pim rp-address 10.255.255.1 20 override

Ukiacha override, RP aliyejifunzwa kwa Auto-RP au BSR (mfumo mwingine wa kumtangaza RP) humshinda uliyemwandika. Namba 20 ni orodha ya makundi anayoruhusiwa kuyahudumia. Iandikeni kila mara, wala msimpe RP dunia nzima ya 224.0.0.0/4 kwa sababu ya uvivu.

RP mmoja akizimika je? Hapo tunatumia anwani moja kwenye ruta mbili, tuseme Kampala na Jinja: zote mbili zina lupubaki (mlango wa kubuni ndani ya ruta) ya 10.255.255.1/32, kila mtu humfikia aliye karibu, na zenyewe hupashana habari za vyanzo kwa MSDP, njia iliyoelezwa katika waraka wa viwango vya intaneti RFC 3446 ya mwaka 2003. Angalieni hapa, maana pamewaangusha wengi: hiyo anwani ya pamoja isije ikawa router-id ya OSPF. Ruta mbili zenye kitambulisho kimoja zitavuruga mtandao wote, si maltikasti peke yake. Andika router-id kwa mkono, na kikao cha MSDP kijengwe kwa anwani ya pekee ya kila ruta.

Mkirithi mtandao wenye Auto-RP, kichujio huwekwa kwenye ruta inayogawa ramani, na kama ziko mbili, vichujio vyao vifanane. Amri ni ip pim rp-announce-filter, inayopokea orodha ya RP na orodha ya makundi. Mtego wake ni huu: RP asiyetajwa kwenye orodha ya kwanza hazuiwi, tangazo lake hupita. Kumtaja wako tu hakutoshi. Ongeza mstari wa pili ambao orodha yake ya RP inamwacha nje wako na kuwakamata wengine wote, na orodha yake ya makundi inakataa kila kitu. Hilo ndilo lililokosekana kwenye ile kampuni.

BSR nayo, iliyo katika RFC 5059 ya 2008, ina lake. Kwa wagombea wa kuwa BSR, yaani ruta inayosambaza orodha ya RP, kipaumbele kikubwa ndicho kinachoshinda. Kwa wagombea wa kuwa RP, kidogo ndicho kinachoshinda, na sifuri ni bora kuliko zote. RFC inapendekeza 192 kwa mgombea wa RP, lakini baadhi ya vifaa huanza na 0. Ukichanganya watengenezaji bila kuandika namba mwenyewe, kifaa usichokitaka kinaweza kushinda kwa ukimya. Na kabla ya kipaumbele huangaliwa masafa: anayedai 239.10.0.0/16 humshinda anayedai 239.0.0.0/8 kwa makundi yaliyo ndani ya ile 16. Mpakani na mtandao wa jirani wekeni ip pim bsr-border ili matangazo yasivuke.

Kwenye milango inayoelekea kwa watumiaji, msikubali ujirani wa PIM kabisa. Kompyuta ya mwanafunzi haina sababu ya kutuma itifaki namba 103, yaani PIM. Kwa Cisco kuna ip pim passive, na kuna ip pim neighbor-filter. Hii ni kinga rahisi kuliko zote, na inashangaza ilivyo adimu.

Kisha mchujeni anayeruhusiwa kurusha. Kwenye RP kuna ip pim accept-register, yenye orodha ya chanzo pamoja na kundi:

permit ip 10.20.30.0 0.0.0.255 239.10.0.0 0.0.255.255

Chanzo kisichomo kikijaribu kujisajili, RP hujibu Register-Stop na hakuna kinachosambaa kupitia kwake. Lakini elewa mpaka wa kinga hii. Watazamaji waliounganishwa na ruta ile ile ya chanzo bado wanaweza kumpata, kwa sababu picha hiyo haina haja ya kupitia kwa RP. Ukitaka kumzuia hata huko, weka orodha ya kukataa kwenye mlango anaoingilia.

Kwenye kampasi, kichujio hiki kina faida nyingine. Kompyuta za Windows, televisheni za kisasa na vifaa vingine vingi hutafuta wenzao kwa kutuma kwenye 239.255.255.250. Kila kimoja ni chanzo kipya, na kila chanzo ni mstari mpya kwenye jedwali la RP. Chuo chenye maelfu ya kompyuta kinaweza kumjaza RP kwa makelele tupu. Likataeni kundi hilo mapema.

Kuhusu mpango wa anwani nitasema kidogo. Tumieni 239.0.0.0/8, iliyotengwa kwa matumizi ya ndani na RFC 2365, lakini epukeni 239.0.0.x na 239.128.0.x. Anwani ya MAC hubeba biti 23 tu za mwisho za kundi, kwa hiyo hizo huangukia anwani zile zile za 224.0.0.x, ambazo swichi huzimwaga kwenye milango yote. Video ikiwekwa huko, IGMP snooping, ile swichi kupeleka kundi kwa walioliomba tu, haikusaidii. Na vifaa vyenu vikiwa vinajua IGMPv3, toleo la tatu la itifaki ya kuomba kundi, fikirieni 232.0.0.0/8: mtazamaji hutaja chanzo mwenyewe, RP hahitajiki, na zaidi ya nusu ya niliyoyaandika hapa hayawahusu tena.

Mazoezi hayadai ruta za bei. FRRouting ni programu ya bure, ina PIM, na laptopu ya kawaida yenye Linux huendesha ruta nne tano za mfano. Jengeni mtandao mdogo, mpeni RP, kisha wekeni wa pili anayejidai, mtazame nani anafuatwa. Mzimeni kwa ghafla huku video ikiendelea, na mfungue mtazamaji mpya kwenye ruta ambayo haikuwa na mtu. Baada ya hapo ndipo muweke kichujio na kurudia zoezi lote tangu mwanzo, ruta kwa ruta, mkiandika kila moja inamtaja RP gani.