Re: Chanjo ya DNA ya malaria kwa panya, nipime vipi kinga?

Mkuu, usiagize hao panya! Plasmidi yako (DNA ya duara ya chanjo) imebeba jeni ya CSP, protini ya ganda la kimelea, ya Plasmodium yoelii (malaria ya panya), peptidi ya kupimia, yaani kipande kifupi cha protini hiyo, ni SYVPSAEQI, halafu panya ni wa ukoo wa C57BL/6? Utachanja wiki ya 0, ya 3 na ya 6, utatoa wengu wiki ya 8, na ELISPOT, kipimo kinachoonyesha seli za kinga zilizojibu kama madoa, itakupa sifuri.

SYVPSAEQI hushikwa na H-2Kd, moja ya molekuli za H-2 zinazoonyesha peptidi kwa seli T za kinga; hiyo hutaka amino asidi Y nafasi ya pili na I mwishoni. Panya wa ukoo wa BALB/c ni H-2d, wanayo. C57BL/6 ni H-2b, wana Kb na Db tu, na peptidi hiyo haikai humo. Seli T haitambui kitu ambacho haijaonyeshwa. Mchanje mpaka mguu mzima ugeuke plasmidi, hatajibu.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba linajificha. Visima vya ConA, kichocheo kinachoamsha seli T zote, vitajaa madoa, kwa hiyo utajua seli zi hai. Visima vya peptidi vitafanana na vile usivyotia kitu. Hapo lawama zote huangukia plasmidi: inatengenezwa upya, promota (kiwashio cha jeni) inabadilishwa, dozi inapandishwa kutoka maikrogramu 50 hadi 100, kundi jingine la panya linauawa bure. Miezi inakwisha, na plasmidi ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Hao waliokwambia "C57BL/6 ndio panya wa malaria" wanakupoteza. Wanapendwa kwa malaria ya ubongo inayoletwa na P. berghei ANKA, kimelea kingine cha panya, na hilo ni swali jingine kabisa. Zinaniudhi pia protokali zinazoandika "panya jike wa wiki 6 hadi 8" bila kutaja H-2, wakati jambo hili lilishachapishwa zamani. Mwaka 1996 Doolan na wenzake walijaribu aina tano za panya: DNA ya CSP ya yoelii ilikinga aina moja tu, ya H-2d, kwa asilimia 75. Iliyofikisha kinga kwa H-2a na H-2k ni DNA ya PyHEP17, protini nyingine ya yoelii.

Kwa hiyo H-2 kwanza, panya baadaye. Linganisha peptidi na panya kwenye karatasi kabla hujalipa hata senti.

Ukichukua BALB/c, choma maikrolita 50 kila mguu, msuli wa mbele ya muundi. ELISPOT ya interferoni gama, protini inayotolewa na seli T zilizoamka: seli za wengu 500,000 kwa kisima, saa 18 hadi 24 kwenye inkubeta, bila kuigusa sahani, maana ukiitikisa madoa yanavutika mkia. Usiache kundi la plasmidi tupu (isiyo na jeni ya CSP), kwa sababu CpG, vipande vya DNA ya aina ya bakteria vilivyomo kwenye plasmidi, peke yake huamsha kinga. Endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria) nayo isafishwe, la sivyo hutajua ni nini kilichoamsha kinga.

Kwenye ELISA, kipimo cha kingamwili za damu, C57BL/6 wana mtego wao: hawana kingamwili aina ya IgG2a, wana IgG2c. Kingamwili ya kugundua IgG2a itakudanganya kwamba mwitikio wa Th1 (ule wa interferoni gama) haupo.

Kama panya umeshawalipia na hawarudishwi, badili antijeni. TRAP, protini nyingine ya kimelea, ya P. berghei ina peptidi SALLNVDNL, inayoshikwa na H-2Db. Ila hapo sporozoiti (vimelea vinavyotoka kwa mbu) za kuwaambukiza baadaye nazo ziwe za berghei, si za yoelii.