Nyangumi wa Agosti kutoka Mombasa: boti, upepo na maji

Umeuliza kama Agosti ni mwezi mzuri wa kuona nyangumi ukiwa Mombasa. Ndiyo. Nyangumi wa nundu hupanda kutoka Antaktika kuja kuzaa na kupandana kwenye maji ya joto, na kwenye pwani yetu huonekana zaidi Julai hadi Septemba. Taabu ni kwamba huo ndio msimu wa kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, kwa hiyo kabla ya kulipia siku yoyote, uliza upepo na maji, yaani kujaa na kupwa kwa bahari.

Ondoka alfajiri, upepo haujakaza. Ukitokea kwenye hori ya Mtwapa, kaskazini ya Mombasa, tazama jedwali la maji: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yakitoka kwa nguvu mlangoni mwa hori yakakutana na mawimbi ya kusi, wimbi husimama wima. Nahodha anayejua atakwambia msubiri. Anayesema "twende tu", mwache aende peke yake.

Boti iwe na injini mbili, redio na jaketi za kuokolea za kila mtu, za watoto zikiwemo. Keti katikati: omo, mbele ya boti, hurusha; tezi, nyuma yake, hunuka mafuta. Dawa ya kichefuchefu imezwe saa moja kabla. Ukishaanza kutapika, haikai tumboni. Darubini ya 7x50, inayokuza mara 7, yatosha, maana ikikuza zaidi ya hapo hutikisika mno.

Cha kutafuta ni pumzi yake, mvuke mnene wa karibu mita 3. Povu la wimbi huanguka hapo hapo. Pumzi husimama kidogo, kisha hupeperushwa. Akiinua mkia amezama kwelikweli, mara nyingi dakika 5 hadi 15, na nyuma yake maji hulala laini kama yaliyomwagiwa mafuta. Usikimbilie hapo, ameshasogea. Nahodha aende sambamba naye polepole, mita 100 au zaidi, asimkate mbele wala asimfuate nyuma. Mama mwenye mtoto aachiwe nafasi kubwa zaidi, na asiwekwe kati ya boti mbili. Akija mwenyewe, gia itolewe, mtulie.

Kusi ikichacha, teremka Shimoni, pwani ya kusini, ukaone pomboo na kasa wa hifadhi ya bahari ya Kisite. Kiingilio cha hifadhi ni cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na hulipwa mtandaoni, kwa hiyo muulize mwenye boti kama bei yake imekijumuisha.