Uliza Khalati: Kweli kuna waziri mkuu aliyekuwa hasomi vizuri?

SWALI: Shikamoo khalati. Mimi ni mama wa hapa Kisauni, nina binti wa miaka 12 yuko gredi ya sita. Huyu mtoto mdomo anao, hadithi anakusimulia mpaka ukae chini, lakini akipewa kitabu asome jasho linamtoka, "dada" yeye anasoma "baba", mstari anauruka, na kuandika ndo usiseme. Mwalimu wake ameshamwita mzembe mbele ya wenziwe na sasa kila siku ya shule ikifika asubuhi tumbo linamuuma. Chuoni lakini ustadhi anamsifu, sura akisomewa mara tatu nne ashaishika kwa moyo. Juzi harusini jirani yangu akaniambia ati Norway kulikuwa na waziri mkuu mwanamke mwenye ugonjwa huo huo, mi nikaona ananipoza tu. Ni kweli? Na kama kweli alifikaje huko juu, ama alibebwa na jamaa zake?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, hiyo ya tumbo kuuma asubuhi imenichoma roho manake mtoto hasemi uongo pale, mwili wake unakwambia kitu.

Jirani yako hajakudanganya. Huyo mama anaitwa Erna Solberg, ni wa chama cha Høyre, wahafidhina wa kule, na jina la chama lenyewe maana yake ni "upande wa kulia". Kwanza lakini tuliache hilo neno ugonjwa. Inaitwa disleksia, sio macho mabovu na sio akili ndogo, ni vile ubongo unapata tabu kuunganisha umbo la herufi na sauti yake, ndo maana binti yako akisikia anashika na akiona anapotea. Mara nyingi inatembea ndani ya familia pia, hebu waulize wazee wa pande zote mbili kama hakuna mjomba aliyekimbia shule.

Erna alizaliwa 1961 Bergen, mji wa bandari kama huu wetu na wenye majumba yake ya kale ya wafanyibiashara pale majini, ila mvua ya kule sisi tungehama. Kubebwa hakuna, babake alikuwa mfanyikazi wa kampuni ya tramu za mji na mamake kazi za ofisini. Disleksia yake haikujulikana mpaka ana miaka 16, fikiria miaka yote hiyo ya darasani mtu hajui kinachomsumbua. Kilichomuokoa ni mdomo kama wa binti yako, darasani alikuwa anaongea, anauliza, anabishana. 1979 akiwa mwaka wa mwisho wa sekondari wenzake wakamchagua kwenye uongozi wa muungano wa wanafunzi wa nchi nzima na mwaka huo huo akaongoza ile kampeni yao ya kila mwaka ambapo wanafunzi wanaacha masomo siku moja wanafanya kazi na hela inaenda nje, mwaka ule ilienda Jamaica. Halafu akaingia Chuo Kikuu cha Bergen akatoka 1986 na shahada yenye sosholojia, siasa, uchumi na takwimu, na hayo masomo unayajua mwenyewe ni karatasi juu ya karatasi.

1989 akaingia bunge lao, Stortinget, ana miaka 28. Sasa hapa nataka uone kitu, uwaziri hakupata kesho yake, alikaa bungeni miaka 12 mpaka 2001 ndo waziri mkuu wa wakati huo, Kjell Magne Bondevik, akampa wizara ya serikali za mitaa na mikoa, hizo ni kama habari za kaunti zetu, na pia mambo ya wahamiaji yalikuwa chini yake. Kwenye wahamiaji alikaza kweli kweli mpaka wakamuita Jern-Erna, Erna wa chuma. Mimi hapo siko naye, nakwambia wazi, sisi watu wa pwani tuna ndugu wametawanyika mpaka nchi za baridi huko na najua barua ya kukataliwa inavyovunja nyumba. Lakini umeniuliza alifikaje, na hiyo ni sehemu ya njia aliyopita siwezi kukufichia.

Sehemu ninayotaka umsomee binti yako ni inayofuata. 2004 akawa kiongozi wa chama, mwaka mmoja tu uchaguzi ukaja na chama kikaanguka vibaya, kutoka asilimia 21.2 ya kura mpaka 14.1, viti 38 vikabaki 23. Uwaziri ukaenda, serikali ikaenda, akabaki na chama kilichojeruhiwa. Hakukimbia. Akarudi kwa watu akaanza kuongea habari za shule, wagonjwa, wazee, sio kodi na pesa peke yake, 2009 wakapanda kidogo asilimia 17.2 na bado hawakuingia serikalini, na 2011 akatoa kitabu, ndio, kitabu, mtu mwenye disleksia, kinaitwa Mennesker, ikke milliarder yaani watu, si mabilioni. Septemba 2013 chama kikapata asilimia 26.8 na viti 48 na tarehe 16 Oktoba akaapishwa waziri mkuu, mwanamke wa pili kule baada ya Gro Harlem Brundtland. Miaka minane toka lile anguko. 2017 akashinda tena, na jumla alikaa miaka minane, hakuna waziri mkuu wa Høyre aliyekaa muda mrefu hivyo.

Utaniuliza asilimia 26 mtu anaongozaje nchi. Bunge lao lina viti 169, inatakiwa 85, yeye na chama cha Maendeleo cha Siv Jensen walikuwa na 77 kwa hivyo vyama viwili vidogo vikakubali kuwaunga mkono bila kuingia serikalini, baadaye navyo vikaingia, halafu wale wa Siv Jensen wakatoka Januari 2020. Kazi yake kubwa ilikuwa kukaa na watu wasiopatana na kuwasikiliza mmoja mmoja, na mtoto aliyekulia kusoma mambo kwa masikio hiyo kazi anaiweza.

Na kuna siku moja mimi naipenda sana. Machi 16, 2020, korona ndo imeingia, shule zimefungwa, Erna akaitisha mkutano wa habari wa watoto peke yao, waandishi wakubwa hawakuruhusiwa kuuliza, maswali yote yametoka kwa watoto, kama naweza kufanya sherehe ya bathdei, kama naweza kwenda kwa bibi. Akawaambia kuogopa ni sawa. Waziri mkuu, nchi imesimama, anakaa kujibu swali la mtoto wa miaka saba.

Sasa wewe. Usisubiri miaka 16. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu kituo cha EARC kiko wapi, hivi ni vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum na viko toka 1984, nenda na daftari zake, zile zenye makosa hasa. Ripoti ukipata peleka kwa mwalimu mkuu, sio kwa yule mwalimu kwanza, na ongea naye kwa upole lakini karatasi iwe mkononi. Nyumbani msomee kwa sauti yeye afuate kwa kidole, mistari michache kila usiku inatosha, na mbele ya nduguze usimsahihishe. Niandikie wakishampima.

SWALI: Khalati mambo, niko Likoni. Tunabishana hapa maskani, ati huyo huyo Erna alipigwa faini ya korona na polisi akiwa bado waziri mkuu, mi nasema haiwezekani, polisi gani huyo?

JIBU: Umeshindwa mwanangu, ni kweli. Februari 2021 alikuwa anatimiza miaka 60, akaenda na familia mji wa Geilo kwenye theluji, na sheria ambayo serikali yake yenyewe ilitangaza ilisema hafla isizidi watu 10. Siku ya kwanza walienda mkahawani watu 13, yeye mwenyewe hakuwepo, alikuwa na shida ya jicho, siku ya pili wakala pamoja kwenye nyumba waliyokodi na hapo alikuwepo. Aprili polisi wakamwandikia faini ya kroner 20,000. Aliomba radhi hadharani na hakuipinga. Uchaguzi wa Septemba mwaka huo chama kikashuka hadi asilimia 20.4, na Oktoba 14 akamkabidhi ofisi Jonas Gahr Støre wa chama cha Labour, na akarudi bungeni kukaa upande wa upinzani.