Jina Langu Halikusomwa Msibani

Baba alipofariki nilikuwa na miaka 26. Nilipanda teksi ya alfajiri kutoka Busia, nikabadilisha Kampala, nikafika kijijini upande wa Masaka jua likiwa limeshakuwa kali. Nilivaa gomesi ya kuazima, lile vazi refu la wanawake wa Uganda, mkanda wake nimeuzungusha mara mbili kiunoni.

Mama hakuolewa na baba. Walikutana Busia, siku ambazo baba alikuwa akivusha mizigo mpakani. Lakini karo yangu alilipa yeye hadi nikamaliza sekondari, na kila Krismasi alipiga simu. Kwa hiyo sikwenda kule kama mgeni, nilikwenda kumzika baba yangu.

Watoto wa marehemu wakaitwa mbele. Kaka mkubwa alishika kipaza sauti akasoma majina manane. Nilikuwa nimeshapiga hatua mbili kutoka chini ya hema, nikidhani la tisa linafuata, shangazi akanishika kiwiko. Akaninong'oneza, "Mwanangu, rudi ukae na wageni. Usituletee mambo leo." Vidole vyake vilikuwa vya baridi, bado vina maji ya kuoshea vikombe. Hotuba za siku ile nimezisahau zote. Vile vidole sijavisahau.

Kama nawe umekataliwa, na ndugu, na mume au hata na kanisa, sitakuambia usahau. Nitakuambia tu nilipopotea njia na nilipopata msaada.

Nilipotea kwa kutaka kuwaonyesha. Miaka miwili nilifanya kazi kama mtu anayekimbizwa, ili siku moja nirudi kule na gari waniamkie. Na mahubiri yalinisaidia kupotea. Kila mhubiri aliposoma Zaburi 118, "Jiwe walilolikataa waashi limekuwa jiwe kuu la pembeni", akatuambia adui zetu wataaibika, nilisema amina kwa nguvu huku nauona uso wa shangazi. Lakini fungua Matendo 4 usome mwenyewe: Petro anasema jiwe hilo ni Yesu. Zaburi hiyo haikuandikwa ili mimi niwakomoe watu wa Masaka. Aliyekataliwa ni Yeye kwanza, alikuja kwake na walio wake hawakumpokea. Ndiyo maana nikimwendea na aibu yangu, simwelezei jambo geni.

Msome pia Yeftha, Waamuzi 11. Ndugu zake walimfukuza wakamwambia hatarithi, kwa kuwa ni mwana wa mwanamke mwingine. Nilipousoma mstari huo nililia kama mtoto. Baadaye wazee wanamfuata wakimbembeleza, anarudi akiwa mkuu wao, anashinda vita. Ndicho hasa nilichokuwa nakitamani! Ila endelea kusoma. Nadhiri aliyoiweka ili ashinde ilimgharimu binti yake wa pekee. Mimi naamini Yeftha alirudi na cheo huku kidonda kikiwa bado kibichi, na kuwashinda waliokukataa hakuponyi.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa kanisani kwetu anayeuza mukene, yaani dagaa, sokoni. Siku moja nilimmwagia yote huku yeye anachambua mchanga kwenye sinia. Hakunipa mstari. Aliuliza tu, "Hayo maneno, Mungu umeshamwambia hivyo hivyo ulivyoniambia mimi?" Nikanyamaza, kwa sababu maombi yangu yote yalikuwa ya adabu: asante Bwana, nawasamehe, amina. Usiku ule nilipiga magoti nikasema kwa sauti, "Baba yangu kafa na mimi nimefukuzwa kwenye kaburi lake, nawe ulikuwa unaona." Nilisema mengine siwezi kuyaandika hapa. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na imo kwenye Biblia. Basi lia. Yesu amesema yeyote ajaye kwake hatamtupa nje kamwe, na hakuweka sharti kwamba uje ukiwa umeshanyamaza.

Kusamehe kulikuja kwa vipande, na kuna vipande ambavyo vilirudi nyuma. Usimruhusu mtu akuharakishe. Wala usidhani kusamehe ni kuacha haki yako. Sheria ya mirathi ya Uganda inamtambua mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Mimi sikudai shamba, huo ulikuwa uamuzi wangu, lakini kama una watoto wa kulea, nenda kadai, na uombe ukiwa njiani.

Kitu kimoja zaidi: tafuta watu. Zaburi 27:10 inasema, "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali BWANA atanikaribisha kwake." Mimi alinikaribisha kupitia kikundi cha maombi cha wanawake saba wanaokutana Jumatano, ambao nikikosa wiki moja wananifuata nyumbani.

Mwaka jana dada yangu mdogo wa upande wa baba alinipigia. Tukakutana Kampala karibu na kituo cha teksi, tukala matoke na karanga. Hakuomba msamaha, wala sikumuuliza habari za yale majina. Alikuwa mdogo sana siku ile. Aliniuliza kama nina picha ya baba akiwa kijana, maana kwao hakuna hata moja. Ninayo, amesimama mpakani kando ya lori, anacheka. Nikamtolea nakala.