Mwanangu amekutwa na muguka shuleni, na babake anasema si haramu

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mombasa. Mwanangu wa kwanza ana miaka 16, yuko kidato cha pili. Juzi walimu walimkuta na muguka, yale majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa, kwenye begi, wakamrudisha nyumbani kwa wiki mbili. Nilipomhoji alikiri kuwa anakula tangu mwaka jana, na pesa alikuwa akizitoa kwenye mkoba wangu. Babake amemwambia ahame. Lakini babake mwenyewe hula miraa barazani na wenziwe kila Alhamisi usiku, na mtoto huyuhuyo ndiye aliyekuwa akimtuma dukani. Nikimwambia hilo, hunijibu kuwa wanazuoni wamehitilafiana, si haramu, na kuwa kosa ni la shule na madrasa kwani yeye analipa ada. Bibi yake naye amesema hampi radhi. Nifanye nini?

JAWABU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Dada yangu, swali lako limeninyima raha, kwa sababu nyumba kama yako ni nyingi katika mji wetu na wengi wao wananyamaza kwa kuona haya. Mwenyezi Mungu akulipe kwa kuuliza.

Uharamu wa pombe, bangi na dawa za unga sitaurefusha, hakuna Muislamu anayebishana juu yake. Ubishi uko kwenye muguka na miraa, na umezidi tangu Mei 2024, gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, Rais akatangaza kuwa amri hizo hazina nguvu, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha. Tangu hapo nasikia watu barazani wakisema, "Mahakama imeruhusu." Subhanallah! Mahakama ilishughulikia kesi ya amri za kaunti, na waliokwenda mahakamani walikuwa wakitetea riziki ya wakulima. Halali na haramu ya Mola haikufikishwa pale. Baa nazo zina leseni ya serikali, je, tuzihalalishe?

Tuje kwenye hoja ya mumeo, kwa kuwa ndiyo inayowapumbaza wengi. Ni kweli kuwa wanazuoni waliandika juu ya miraa. Imam Ibn Hajar al-Haytami, ambaye sisi wa madhehebu ya Shafi tunamtegemea, aliulizwa na watu wa Yemen katika karne ya kumi ya Hijra. Hakuikata kuwa ni haramu, kwa sababu waliomwelezea athari zake walipingana, huyu akisema inadhuru na yule akisema haidhuru. Pamoja na hayo akanasihi mtu ajiepushe nayo. Watu wetu wameshika nusu ya maneno ya Imam, ile nusu inayowapendeza, na nusu ya nasaha wameitupa. Mwanachuoni akisema "jiepushe", wewe ukatoka hapo na mfuko wa majani umeushika, umemfuata yeye au umeifuata nafsi yako?

Tena sababu iliyomfanya Imam asite leo haipo. Kilichomo ndani ya jani hilo kinajulikana. Kinaitwa kathinoni, ndicho kinachompa mlaji handasi, yaani ule msisimko, na kumnyima usingizi, na hupungua nguvu jani likinyauka, ndiyo maana walaji hulitaka bichi. Shirika la Afya Duniani liliitia miraa katika dawa zinazotumiwa vibaya tangu 1980. Tanzania, hapo jirani, mirungi, kama wanavyoiita miraa, ni dawa ya kulevya kisheria na mwenye kukutwa nayo hushitakiwa. Umar bin Khattab (r.a.) alisema juu ya mimbari ya Mtume (s.a.w.) kuwa khamri ni kile kinachofunika akili. Mtume amesema, "Kinacholevya kingi chake, kidogo chake ni haramu." Na imepokewa kwa Ummu Salama (r.a.) kuwa Mtume alikataza kila kinacholevya na kinacholegeza mwili. Katika isnadi ya hadithi hiyo, yaani mlolongo wa wapokezi wake, kuna maneno, lakini maana yake inaungwa mkono na kanuni kubwa kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana.

Kwa haya yote, ninaloliona ni kuwa muguka ni haramu kwa mkubwa na kwa mdogo. Anayeona kuwa kwa mtu mzima ni makruhu tu, sitamwita fasiki. Lakini hata huyo hatapata mwanachuoni mmoja aliyesema mtoto wa shule apewe. Ikhtilafu anayojikinga nayo mumeo, hata tukimwachia yote, haimfikii mwanawe.

Na sasa nitasema na baba mwenyewe, na nakuomba umsomee. Ndugu yangu, ulipomtuma mwanao dukani akarudi na mfuko, akaukabidhi mbele ya wenzio, akaona njugu zimemwagwa kwenye sahani, mabigijii ya kutafuna yamepangwa, watu wazima wanacheka hadi usiku wa manane, alijifunza nini? Alijifunza kuwa huu ndio uanaume. Katika khamri, Mtume (s.a.w.) aliwataja kumi waliolaaniwa, na miongoni mwao ni mbebaji na anayebebewa. Sisemi muguka ina kila hukumu ya khamri, wala adhabu ya hadd, ile iliyowekwa na sharia, haiingii hapa. Nasema angalia ulimweka wapi mwanao. Umemfanya mbebaji tangu hajabaleghe, na leo unamfukuza kwa kula alichokibeba.

Wala ada haikuvui jukumu. Aya ya sita ya Suratut-Tahrim, "Jiokoeni nafsi zenu na ahli zenu na Moto," imewaambia walioamini, na mwenye ahli ni wewe. Mwalimu anaye mtoto mchana, tena darasani na wenziwe hamsini. Ustadhi anaye saa moja au mbili. Alfajiri hayuko naye yeyote isipokuwa wewe, na ikiwa Ijumaa alfajiri wewe mwenyewe umelala kwa uchovu wa Alhamisi, nani atamwamsha? Acha hiyo miraa, kwa ajili ya mwanao kama huwezi kwa ajili ya nafsi yako. Kisha umwambie waziwazi: "Mimi nilikosea, nimeacha, tuache sote." Neno hilo litamwingia kuliko hotuba zangu zote.

Kumfukuza nyumbani hakufai. Unadhani atalala wapi? Atalala kwa yule anayemuuzia, na kutoka muguka hadi bangi, kutoka bangi hadi unga, hapa Mombasa njia ni fupi, tumewazika vijana tunaowajua. Kulikuwa na sahaba aliyeletwa kwa Mtume mara nyingi kwa kunywa. Mtu mmoja akamlaani. Mtume akasema, "Usimlaani, kwani wallahi nijuavyo, anampenda Allah na Mtume wake." Na mlevi mwingine alipoambiwa, "Allah akuhizi," Mtume akasema, "Msimsaidie shetani dhidi yake." Hao walikuwa wanaume wazima. Vipi kijana wa miaka 16?

Simaanishi aachwe tu. Ameshabaleghe, dhambi yake anaandikiwa, na aambiwe hivyo. Lakini aambiwe kama Mtume alivyomwambia yule kijana aliyeomba ruhusa ya zina: alimsogeza karibu, akamuuliza maswali, akaweka mkono juu yake na kumuombea. Kaa naye, dada yangu, si mbele ya wadogo zake. Muulize alianza na nani, anakula lini, na ni muguka peke yake au kuna kingine. Wengi huniambia walianza ili wakeshe wakisoma mitihani. Mweleze kuwa usiku uliokosa usingizi unalipwa mchana darasani. Ukimwona halali, hali chakula, anaongea peke yake au ana hofu isiyo na sababu, mpeleke hospitali upesi. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nao wana simu ya bure ya ushauri, 1192. Ruqya, yaani kisomo cha kuombea shifaa, msomee, ni kheri, lakini isichukue nafasi ya daktari. Mtume ametuamrisha tutafute dawa.

Shule ina haki ya kuwalinda watoto wengine, hilo sipingi. Ninalowalaumu walimu ni kumrudisha mtoto mtaani wiki mbili, karibu na duka alilonunua, bila kuwaita wazazi kukaa nao. Rudini shuleni wote wawili, baba akiwa mbele. Mwombeni mwalimu mkuu ampe adhabu ya kazi ndani ya shule, na amkabidhi kwa mwalimu mmoja atakayemwangalia kila siku na kuwapigia simu akimkosa. Ustadhi wa madrasa naye aambiwe kwa siri, na asije akamtolea mfano mbele ya wanafunzi, kwani kijana akishaaibishwa msikitini haurudii. Kisha wazazi kadhaa mwende kwa mwenye duka. Muislamu anayemuuzia muguka mtoto aliyevaa yunifomu anakula pesa chafu, na mwambieni kuwa nimesema hivyo.

Bibi mwambie, kwa adabu, kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza tusiwaapize watoto wetu, tusije tukaafikiana na saa ambayo dua hujibiwa. Aibadilishe hiyo hasira iwe dua usiku. Mjukuu akijua kuwa bibi yake anamlilia Mungu kwa ajili yake, atarudi kwake kabla hajarudi kwenu.

Zimebaki pesa za mkoba wako. Hizo ni deni kwake, na toba haitimii bila kulirudisha au wewe kumsamehe. Usimsamehe haraka. Mpe kazi za nyumbani zenye ujira, akulipe kidogo kidogo hadi ziishe, na habari hiyo ibaki baina yako na yeye.

Wallahu aalam.