Dereva wa Antwerp, usisaini huo mkataba wa lori

Mdogo wangu, kalamu weka chini kwanza. Umeandika kwamba uko Antwerp, unaendesha lori kwa euro 16 kwa saa, grin kadi imetoka, na kuna jamaa wa Dallas amekuahidi dola 6,000 kwa wiki kwa "lori lako mwenyewe". Unauliza Marekani na Ulaya wapi kuna masilahi zaidi, likizo zikoje, shule za watoto zikoje, nyumba bei gani. Nimesoma nikiwa kwenye foleni ya kushusha mzigo, moyo ukanipasuka, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi nikiwa Rotterdam, kabla sijaja huku Marekani.

Hizo dola 6,000 si mshahara. Ni mapato ya lori kabla hujakatwa hata senti.

Mkataba wenyewe ni wa kukodi hadi ununue. Kampuni inakukabidhi lori, unalilipia kila wiki, eti baada ya miaka mitatu linakuwa lako. Papo hapo wanakuandikisha kwa 1099, yaani kisheria wewe si mwajiriwa wao, ni mfanyabiashara. Bima ya afya juu yako, likizo juu yako, ukiumwa ni shauri lako.

Karatasi ya malipo ya wiki yangu nzuri kuliko zote ninayo mpaka leo. Mapato 6,900. Kampuni ikachukua asilimia 12, yaani 828. Mafuta 2,350. Lori 850. Bima ya lori 410. Tela 300. Akiba ya matengenezo 250. Kifaa cha kurekodi saa za kuendesha, 45. Nikabaki na 1,867 kwa saa 70 za kazi, kodi ya serikali bado. Nasema tena, hiyo ndiyo wiki nzuri!

Mwezi wa tisa, karibu na Amarillo, taa ya mtambo wa kusafisha moshi ikawaka. Injini ikajipunguzia nguvu, lori likawa linatambaa maili 5 kwa saa pembeni mwa barabara kuu ya I-40, magari mengine yananipigia honi. Gereji wiki tatu. Ijumaa ya kwanza nikafungua karatasi ya malipo: mapato 0, na chini kabisa -1,605. Lori, bima, tela na kile kifaa havikujua kwamba nimelala kwenye kiti cha gereji. Wiki tatu zikawa deni la 4,815, matengenezo 7,000 juu yake. Mke wangu alinipigia kuulizia kodi ya nyumba, nikamwambia mtandao unakatika.

Nililipia lori hilo wiki 46. Dola 39,100. Nikalirudisha, nikatoka mikono mitupu. Mwezi wa nne serikali nayo ikadai zaidi ya dola 6,000, kwa sababu mtu wa 1099 hulipa mwenyewe asilimia 15.3 ya kujiajiri, na hakuna aliyenikata kidogo kidogo njiani.

Na aliyeniingiza humo ni mtu wa kwetu, tunaswali msikiti mmoja! Alikuwa analipwa kwa kila dereva anayemleta, hakuniambia. Nilipomuuliza akasema biashara ina kupanda na kushuka. Yeye alipanda, mimi nikashuka. Mnaotaka kucheka chekeni, lakini huyo bado anapiga simu Ulaya kila wiki.

Rotterdam nilikuwa nalalamika mshahara mdogo. Lakini niliposhikwa na mgongo, mwajiri aliendelea kunilipa. Sheria ya Uholanzi inamtaka alipe angalau asilimia 70 ya mshahara hadi miaka miwili. Likizo ya kulipwa wiki nne, na juu yake asilimia 8 ya mshahara wa mwaka kama posho ya likizo. Huku sheria ya taifa haimlazimishi mwajiri kukupa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Ulaya unaendesha saa 9 kwa siku, mara mbili kwa wiki unaruhusiwa 10. Huku ni 11. Saa za ziada nazo, sheria ya taifa haiwapi haki ya malipo ya nyongeza madereva wengi wa safari za jimbo hadi jimbo.

Sikwambii usije. Sasa niko W-2, yaani nimeajiriwa kabisa, naendesha lori la kampuni, dizeli yao, gereji yao, na napata zaidi ya nilivyopata Uholanzi. Njoo kwa W-2 tu, angalau mwaka wa kwanza. Waulize kwa maandishi: kwa kila maili nalipwa kiasi gani, nikisubiri kwenye ghala kwa muda wa saa nne nalipwaje, bima ya afya inaanza tarehe gani, kwa sababu wanaruhusiwa kukusubirisha hadi siku 90. Akikujibu "tutaongea ukifika", kata simu.

Mkataba aliokutumia upige picha, kurasa zote, hasa ule wa makato, unitumie inboksi. Jumapili nimepumzika, tutausoma pamoja mstari kwa mstari.