Karani wa Mikindani na kazi ya kiwanda cha Ulaya

SWALI: Mshauri wetu, pokea salamu zangu. Mimi ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, na kazi yangu ni kuandaa hati za makontena yanayoshuka katika bandari ya Kilindini. Nina mtoto mdogo na mama anayeugua, kwa hiyo natafuta kazi ninayoweza kuifanyia nyumbani. Nimeona tangazo la kampuni kubwa ya Ujerumani inayounda mitambo, lisemalo kwamba mratibu wa usafirishaji anaweza kufanya kazi kwa mbali. Baadaye mtu mmoja alinipigia simu akaniahidi kuyafikisha maombi yangu kwa kampuni hiyo, mradi nimlipe ada ya usajili. Je, kampuni ya viwanda yaweza kweli kumwajiri mtu aliyeko Mikindani? Na huyu wakala nimlipe?

JIBU: Dada yangu, nianze na la pesa kwa sababu ndilo lisilongoja: usimlipe. Kampuni ya aina hiyo hugharimia yenyewe utafutaji wa wafanyakazi wake, wala haimtumi mtu kukusanya ada kwa simu. Wakala halali wa ajira nchini Kenya husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, nayo huweka wazi orodha ya waliosajiliwa. Asiyekuwemo humo hana haki ya kushika hata nakala ya kitambulisho chako. Maombi yapeleke mwenyewe kupitia ukurasa wa ajira wa kampuni, na anwani ya tovuti uiandike kwa mkono wako badala ya kubofya kiungo ulichotumiwa.

Kuhusu swali lako la kwanza, jibu ni ndiyo, ila kwa masharti ambayo matangazo mengi hayayaelezi. Anayeunganisha vipuri au kuendesha mashine hana budi kuwa kiwandani, lakini nyuma yake wapo wahasibu, wanunuzi wa malighafi, wachoraji wa mitambo, waandishi wa programu na waratibu wa mizigo, ambao kazi yao hupita kwenye kompyuta. Mnamo Julai 2020 kampuni ya Siemens ilitangaza kwamba wafanyakazi wake zaidi ya 140,000, katika nchi 43, wangeweza kufanya kazi nje ya ofisi kwa wastani wa siku mbili au tatu kwa wiki, pale kazi inaporuhusu. Zingatia hizo siku mbili au tatu, kwa maana katika kampuni nyingi za viwanda neno "kwa mbali" huwa na maana hiyo hiyo, na mfanyakazi hutarajiwa kuishi karibu na ofisi.

Jambo la pili, ambalo naliona zito zaidi, ni nchi unayoishi. Kampuni ikikuajiri ukiwa Kenya, yatakiwa kukata kodi ya mshahara, michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na ya bima ya afya, na tozo ya nyumba, na isiyo na tawi hapa mara nyingi haitaki kujiingiza katika shughuli hiyo. Ndiyo sababu nakusihi uwaandikie kwanza ukiwauliza kama nafasi iko wazi kwa mtu anayeishi na kulipa kodi Kenya. Wakikujibu kwamba watakuchukua kama mkandarasi wa kujitegemea, fahamu kwamba hutakuwa na likizo ya malipo wala mchango wa mwajiri, na marejesho ya kodi utayawasilisha wewe mwenyewe kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Wakikupa ajira kamili chini ya sheria zetu, Sheria ya Ajira ya 2007 yataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na mahali pa kazi patajwe; hakikisha pameandikwa nyumbani kwako.

Usiidharau kazi unayoifanya sasa. Kipuri kimoja kikikwama forodhani kwa sababu ya hati yenye kasoro, kiwanda kizima chaweza kusimama, na mtu anayejua kusoma hati ya shehena, cheti cha asili cha bidhaa na nambari za HS, zile zinazoainisha bidhaa forodhani, ni mtu anayehitajika. Katika maombi yako, badala ya kuandika tu kwamba ulikuwa karani, eleza ni mizigo ya aina gani uliyoishughulikia na ni matatizo gani uliyoyatatua. Jifunze pia programu ya SAP, kwa kuwa viwanda vingi vikubwa huendesha ununuzi na maghala yao humo.

Mwisho ni saa. Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja majira ya joto, na kwa saa mbili majira ya baridi, hivyo anayeanza kazi kule saa mbili asubuhi wakati wa baridi atakukuta wewe ukianza saa nne na kumaliza saa moja usiku. Saa hizo ni za mwajiri hata ukiwa sebuleni kwako, kwa hiyo kabla hujatia sahihi, kubaliana na ndugu zako ni nani atakayekaa na mtoto na mama.

SWALI: Mume wangu ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha Changamwe. Je, naye anaweza kuomba kazi ya aina hiyo?

JIBU: Ukarabati wenyewe hauwezi kufanywa kwa mbali. Hata hivyo, kupanga ratiba za matengenezo, kuagiza vipuri na kuandika ripoti ni kazi za mezani, na fundi mzoefu anayeweza kuzifanya kwenye kompyuta ana hoja ya kumwomba msimamizi wake siku moja ya nyumbani kwa wiki.